Njiwa Ishirini na Uso Mmoja

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja na nusu. Nasema na nusu kwa sababu chumba cha pili kilibomoka ukuta wa nyuma wakati wa vita, na badala ya kuujenga wakatundika turubai, wakapaita mahali pa maonyesho ya nje. Nyumba ilikuwa ya karani wa kodi wa zamani, bati limeshika kutu, baraza la saruji limepasuka, upande ule wa Arua mjini unaotokea Manibe. Ndani walikuwa wamepanga mikuki, ngao mbili, pinde, vibuyu, mawe ya kusagia na vigoda vya miguu mitatu, kila kitu na kadi yake iliyopigwa taipu. Nilipoingia mle mara ya kwanza, na miaka yangu kumi na mitatu, macho yalitua kwenye kichujio cha pombe, kile cha kusukwa, kimelazwa chini ya kioo kama maiti ya mtu mkubwa. Nyumbani kwetu Midia, huko Koboko, nilikuwa nimekiacha kingine kikining'inia jikoni, bado kinatiririka. Kadi yake ilisema kwa Kiingereza: matumizi yake hayajulikani.

Hayajulikani! Nilicheka peke yangu mpaka nikashika tumbo. Mkuu wa makumbusho hayo alikuwa mzaliwa wa Aroi, na sina shaka hata kidogo kwamba mama yake alimlea kwa pombe iliyochujwa na kitu hichohicho. Angetoka tu langoni akamwuliza mwanamke wa kwanza anayepita na chungu kichwani, angeambiwa bila malipo. Lakini jamani, alikuwa ameshavaa tai, na mtu aliyevaa tai atauliza vipi habari za pombe barabarani? Bora aandike hayajulikani. Ng'ombe wake watatu, hao alijua matumizi yao vizuri sana, maana aliwalisha humo humo ndani ya uwanja wa makumbusho, kwenye nyasi za serikali.

Hapo ndipo ilipofanyika kambi ya sanaa ya watoto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, likizo ya mwezi wa nane. Wiki mbili, chakula bure, na rangi kutoka ng'ambo. Kila shule iliambiwa ipeleke mtoto mmoja mwenye kipaji. Mwalimu mkuu wetu wa Midia alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kipaji chote kiko kwa binti yake. Siku mbili kabla ya safari binti akavimba mashavu kwa matumbwitumbwi, nikapelekwa mimi. Huo ndio mwanzo wangu katika sanaa, na wanaonisifu leo kwa mkono mwepesi wajue kwamba wanamsifu mgonjwa wa watu.

Tulikuwa watoto ishirini. Kumi na wanne ni wa mjini Arua, wenye viatu, waliorudi kwao kila jioni. Sisi sita wa mbali, wa Koboko na Aroi, tulilala kwenye mikeka katika stoo ya ngoma. Wale wa mjini walituita watoto wa wanajeshi. Hawakukosea, tulikuwa hivyo. Lakini walilitamka neno hilo huku wakivuta pua, na mimi niliwachukia kwa moyo wangu wote, na wakati huohuo nilitamani viatu vyao, na usiniulize nilivitamani kiasi gani.

Mwalimu wa sanaa aliletwa kutoka Kampala. Kijana mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua la saa saba, na kitambaa shingoni, sijui alikuwa anaumwa koo. Siku ya kwanza alitutangazia kwamba ndani ya kambi yake hakitasemwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Alisema hayo kwa Kiingereza. Watoto wa mjini wakaitikia. Sisi sita tukatazamana, maana hatukuambulia kitu. Basi ikambidi ayarudie yaleyale kwa lugha tunayoielewa: "Hapa hapana sema Swahili! Swahili ni ya mwizi!" Na kwa wiki mbili nzima, masikini wa Mungu, hakupata njia nyingine ya kutuelekeza. Kila asubuhi alituamrisha kwa lugha ya wezi tusiseme lugha ya wezi, na hakuona kichekesho chochote katika jambo hilo.

Mada ya kambi ilikuwa amani. Waliotoa fedha walitaka amani, basi amani itachorwa. Sisi tuliokulia vichakani na mabondeni, tulioweza kutofautisha milio ya bunduki kabla hatujajua kusoma, tulifundishwa na kijana wa kofia kwamba amani ni njiwa. Njiwa mweupe, mwenye jani mdomoni. Mtoto mmoja wa Aroi aliuliza kama njiwa anaweza kuwa wa kijivu, maana ndio waliokuwa kwao. Akaambiwa hapana, wa kijivu si wa amani. Kwetu Midia njiwa ni kitoweo, na sikuwahi kumwona hata mmoja akitembea na jani mdomoni kwenda popote.

Katika wiki zile mbili mwalimu alifundisha jambo moja tu la maana, nalo alilifundisha kwa haraka akiwa anangojea chai. Alituonyesha jinsi ya kuchora uso. Macho, alisema, hayako juu ya kichwa kama mnavyodhani, yako katikati kabisa. Sikio linaanzia usawa wa nyusi linakomea usawa wa pua. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho. Nyuso zote za binadamu, mfalme na mchunga mbuzi, zina vipimo hivyo. Akafuta ubao akaenda kunywa chai. Mimi nilibaki nimekaa pale, kwa sababu nilikuwa na shida na uso mmoja, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba uso una hesabu.

Shida yenyewe ni hii. Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, wanajeshi wa kwetu walikimbilia mipakani na familia zao nyuma yao, na mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, mtoto wa mwaka mmoja. Tulipokaribia mpaka, akina mama walipata habari kwamba anayekutwa na picha ya askari anauawa pamoja na picha yake. Wakawasha moto kana kwamba wanapika uji, na kila mmoja akatia humo alichokuwa nacho. Mama alitia picha ya arusi, picha ya baba akiwa na sare, na hata kadi yangu ya kliniki, kwa kuwa iliandikwa jina lake. Baba alituvusha, akarudi kumtafuta ndugu yake, na hatukumwona tena. Ndugu zake wengine walipotelea Sudan. Tulipotoka Zaire na kurudi Midia, duniani kote alibaki mtu mmoja tu ninayemfahamu aliyeujua uso wa baba yangu, naye ni mama.

Na mama hakusema. Kila nilipomwuliza baba alikuwa vipi, jibu lilikuwa lilelile: "Ilikuwa mutu murefu." Basi. Mrefu! Nusu ya wanaume wa Koboko ni warefu. Nilikuwa nikitumwa sokoni natembea nikiwakagua wanaume warefu mmojammoja, huyu hapana, yule labda, mpaka siku moja muuza chumvi mmoja akaniuliza namkodolea macho kwa nini, nikakimbia. Wenzangu walikuwa na shangazi na baba wadogo wa kuwaambia wewe una mwendo wa baba yako, una cheko la baba yako. Mimi nilikuwa na urefu. Iliniuma, na sitaki kulipamba jambo hilo kwa maneno. Iliniuma kila siku.

Kwa hiyo baada ya somo la uso nilikwenda mbele ya kabati la ngao, ambalo kioo chake kilionyesha sura ukisimama vizuri, nikaanza kutoa. Hesabu ya kutoa tu, ya darasa la pili. Uso wangu, toa wa mama, kinachobaki ni cha baba. Pua ilikuwa ya mama, hiyo ilijulikana kijiji kizima. Macho ya mama. Mdomo wa mama, na ulimi pia, kama unavyosikia. Vikabaki paji pana, masikio yaliyosimama wima, na kidevu chenye kamfereji katikati. Vya nani hivyo kama si vya baba? Nilirudi pale kila jioni, watoto wa mjini wakishaondoka, nikavipima kwa kijiti na kuviandika.

Nje uwanjani walikuwa wamejenga nyumba ya asili, kama walivyoiita, ya mviringo, ya udongo na nyasi, ili wageni waone tulivyoishi zamani. Zamani! Mimi nilikuwa nimetoka ndani ya nyumba kama ile siku kumi zilizopita. Iliezekwa na vibarua wa mjini, na kuta zake zilikandikwa vibaya mpaka mama yangu angezitemea mate. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kupamba ukuta wake wa nje kwa rangi za unga, kila mtoto na njiwa wake. Wenzangu kumi na tisa wakachora njiwa kumi na tisa. Baadhi walikuwa njiwa kweli, wengine kuku, na mmoja, wa binti wa karani wa mahakama, alikuwa na miguu minne, sijui amani gani hiyo. Mimi nilichukua nafasi ya karibu na mlango, juu, chini ya nyasi, nikamchora baba.

Siku mbili nilimfanyia kazi. Macho katikati. Sikio kutoka nyusi hadi pua. Paji, kidevu, shingo ya mtu mrefu. Mwalimu alipokuja kukagua alisimama, akavua kofia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike. "Hii nani?" Nikamwambia ni mtu. "Mutu gani? Njiwa iko wapi?" Nikasema sina. Alitafuna kitambaa chake cha shingo kwa muda, halafu akanipokonya brashi, na kwa mkono wake mwenyewe akampachika baba yangu njiwa begani. Njiwa mwenyewe mkubwa kuliko kichwa. "Sasa iko amani," akasema, akaenda zake. Ningekuwa na nguvu ningemmwagia rangi yote ya ng'ambo kwenye ile kofia.

Lakini nilimeza. Nilikuwa na mpango, na mpango haukuhitaji mwalimu. Siku ya kufunga, wazazi walialikwa, na mama alikuwa ametuma neno kwamba atakuja na lori la tumbaku. Nilitaka nimshike mkono, nimsimamishe mbele ya ule ukuta, nisiseme kitu. Aseme yeye. Ama ndiye, ama siye. Akisema ndiye, basi nina baba, na nitamchora tena na tena mpaka kufa kwangu. Akisema siye, atalazimika kuniambia ni wapi nilipokosea. Vyovyote vile ule urefu ungekwisha. Zawadi, cheti, mgeni rasmi na hotuba yake, yote hayo niliyaona takataka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ikanyesha. Asubuhi ukuta wa nyumba ya asili ulikuwa umerukiwa na matope mpaka usawa wa magoti, na njiwa wa chini walikuwa wamevuja rangi. Mkuu wa makumbusho alipagawa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja saa tano pamoja na mama mmoja wa Kizungu, ndiye mwenye fedha. Sisi watoto tukapelekwa nyuma ya jengo kufanya mazoezi ya wimbo wa kukaribisha, na kijana wa kofia akitupigia makofi ya mapigo yasiyolingana na wimbo wowote. Kwa hiyo sikuona lori la tumbaku likimshusha mama langoni.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa mama na kwa mkuu mwenyewe, na ajabu ni kwamba yanalingana. Mkuu alimkuta mama amesimama uwanjani na kitenge chake cha kutokea, akamwona ni mwanamke wa shamba, na kwake mwanamke wa shamba hawezi kusimama bure. "Mama, wageni nakuja saa tano. Nyumba iko vile. Tengeneza nyumba." Yeye alimaanisha achukue fagio, afute matope, basi. Mama akauliza, "Mgeni mukubwa?" Akajibiwa mkubwa sana, kutoka Kampala, na Mzungu juu yake. Mama akasema, "Aya," akakaza kitenge kiunoni.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua mwanamke anaambiwa nini akiambiwa atengeneze nyumba kwa ajili ya mgeni. Nyumba haipokei mgeni na ukuta wa jana. Unachanganya udongo mweusi, kinyesi cha ng'ombe, majivu na maji, unasiriba kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, nyumba nzima, mpaka ing'ae. Kama kulikuwa na mapambo, yanakwenda. Mapambo ya ukuta ni ya msimu, yanapakwa na kufunikwa, na hakuna anayeyalilia. Na kati ya wasiribaji wote wa Midia mama alikuwa wa kwanza, alikuwa akiitwa kila penye arusi. Udongo uliobaki wakati wa ujenzi ulikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Majivu yalikuwa jikoni. Kinyesi, ng'ombe wa mkuu walikuwa wametoa cha kutosha wiki mbili nzima. Yule bwana aliyezaliwa Aroi, aliyekaa miaka yote hiyo katikati ya vitu vya mila na kadi zake, aliondoka akaenda kunyoosha tai, bila hata kuwaza kwamba mwanamke aliyemwambia vile ataufuta ukuta mzima. Nikikumbuka hilo nasonya mpaka leo.

Nilitumwa kuchukua ngoma ndogo iliyosahauliwa mlangoni mwa ile nyumba. Nikazunguka jengo, nikasimama. Ukuta ulikuwa mweusi. Mweusi wa kung'aa, laini, mzuri, nakiri, mzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kufanywa katika uwanja ule. Njiwa kumi na tisa, hakuna hata mmoja. Na mama yangu, mikono imejaa udongo na kinyesi mpaka kwenye viwiko, kitenge kimepandishwa magotini, alikuwa amebakiza sehemu moja tu, ya karibu na mlango, juu. Alikuwa amenyanyua kiganja.

Nitasema ukweli, maana nimewasema wengine vya kutosha. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma ya njiwa wala hofu ya baba kufutwa. Kilikuwa aibu. Niliona ile mikono nikawaona watoto wa mjini wakiiona. Ndipo nikakumbuka.

"Mama, usifute hapo!" nikapiga kelele. "Huyo ni baba."

Mkono ukabaki hewani. Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama. Alitazama muda mrefu, na mimi nikisubiri neno moja.

"Nani iliambia wewe baba yako iko hivi?"

Nikamweleza. Uso wangu, toa wako. Paji, masikio, kidevu. Nikamwonyesha kila kimoja ukutani na kila kimoja kwangu. Na mama yangu akacheka. Si kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha msichana, na sikuwa nimewahi kukisikia.

"Hii masikio ni ya baba yangu mimi," akasema. "Hukuona yeye, alikufa mbele ya wewe kuzaliwa. Kidevu ni ya wewe peke yako, hakuna mutu alikupa. Na hii ndege begani nafanya nini?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu yako ni mujinga."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akachota udongo, akaufunika ule uso wangu wa hesabu, njiwa na yote, akausawazisha kwa kiganja mpaka pakawa laini. Halafu kabla haujakauka akainua kidole. "Angalia," akasema. "Angalia vizuri. Naonyesha wewe mara moja." Na akaanza kuchora kwenye ule udongo mbichi. Polepole. Akipita kidole, akisimama, akifikiri, akipita tena. Mama yangu, aliyeninyima uso huo miaka kumi na miwili, alikuwa anaumba uso wa mume wake kwa kinyesi cha ng'ombe wa makumbusho, na midomo yake ilikuwa inatikisika kana kwamba anamwambia maneno.

Niliona mzunguko wa kichwa. Niliona mwanzo wa nyusi. Hapo honi ikalia langoni.

Nikageuka. Gari jeupe lilikuwa linaingia, na nyuma yake gari la askari. Mkuu alikuwa anakimbia, tai imepeperukia begani. Kijana wa kofia naye anakimbia. Na kutoka nyuma ya jengo watoto wa mjini walikuwa wanatokeza kwa mstari, na viatu vyao. Nikawaza: sasa hivi wataona. Wataona mwanamke wa Koboko mwenye mavi mikononi, na watajua ni mama yangu. Niliwatazama wao, nikalitazama gari, nikahesabu hatua walizobakiza kutufikia. Nyuma yangu kidole cha mama kilikuwa bado kinapita, nilikisikia kikikwaruza.

"Mama, wageni wameshafika," nikasema, bila kugeuka. "Maliza. Maliza upesi!"

Nilipogeuka kiganja chake kilikuwa kimeshapita, kutoka juu kwenda chini. Ukuta ulikuwa mweusi mtupu. Alikuwa ananitazama na ametulia, ametulia vizuri, akasema, "Umeona?"

"Nimeona," nikasema. Nikamsukuma nyuma ya nyumba akanawe.

Ya wageni nisiyamalizie wino. Kijana wa kofia alipoona ukuta alishika kichwa kwa mikono miwili, akafungua kinywa atukane, na kwa mara ya kwanza naamini angetukana kwa Kiswahili kilichonyooka. Lakini yule mama wa Kizungu alimtangulia. Alisimama mbele ya ukuta mweusi, akaushika kwa vidole, akaweka mkono kifuani. Akasema hii ndiyo sanaa yenyewe, hii ndiyo asili, na watoto wameifanya vizuri namna gani. Kinywa cha mwalimu kikafunga, kikafunguka tena, na kikatoa maelezo marefu jinsi alivyotuongoza, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye weusi. Mkuu naye akaitikia kwa kichwa. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu umoja. Binti wa karani wa mahakama, wa njiwa wa miguu minne, akapewa zawadi. Mama yangu alikuwa amekaa chini nyuma ya stoo anakula muhogo, na hakuna hata kiumbe kimoja kilichokwenda kumwambia ahsante. Mimi pia sikwenda. Nilikwenda wakati lori lilipokuwa linaondoka.

Juu ya magunia, njia nzima mpaka Koboko, mama aliimba kwa pua. Nilitaka kumwambia arudie. Neno lilifika mdomoni mara tatu. Lakini ningemwambia vipi? Ningemwambia kwamba wakati ananipa kile nilichokililia maisha yangu yote, mimi nilikuwa na kazi ya kumwonea haya? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa msimu, msimu ukawa sekondari, na mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Baba hatukumzungumza tena. Sikumwuliza, naye alionekana kutoona ajabu kwamba siulizi. Nilidhani ni ule ukimya wake wa zamani.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mama aliugua. Nilikuwa tayari nafundisha, nikaja Midia kumtazama, na daftari za wanafunzi nimezibeba nizisahihishe. Mchana mmoja alikuwa amelala barazani, amekonda, mikono ile yote mifupa. Akanitazama nikiandika. Akaniambia nichane karatasi moja.

"Chora baba yako kwa mimi," akasema. "Kama ile siku ya Arua."

Nikauliza kwa nini.

"Mimi nimesahau," akasema, wala hakusema kwa huzuni. "Mbele nilikuwa nafunga macho, yeye nakuja. Sasa nafunga macho, hakuna. Ni mutu murefu tu. Lakini mimi haikuogopa. Nilijua iko kwako."

Akangoja. Nilishika kalamu, nikaweka macho katikati kama nilivyofundishwa, na mkono ukaishia hapo. Mama akainua kichwa kutoka mkekani ili aone vizuri.

"Mama," nikamwambia, "mimi nilikuwa naangalia gari."